Mwaka Klasi Yetu Ilipopata Nafasi

Juzi nilirudi Goma kumwandikisha mwanangu shule. Tangu niolewe nimeishi Butembo, na sasa kazi imenirudisha mji nilikozaliwa. Tulikuja kwa ndege, maana barabara ya Rutshuru imefungwa tena. Asubuhi nilimshika mtoto mkono tukaenda hadi Katoyi, kartie, yaani mtaa, niliyokulia, na huko nikakuta shule ya Leta, ndivyo sisi huku tunavyoiita Serikali, imepakwa rangi mpya, na akina mama wamejipanga kutoka mlango wa ofisi hadi barabarani. Tangu itangazwe kwamba shule ya msingi hailipiwi, watoto wamezidi kuta. Madarasa mapya yamejengwa, na hayo pia yamejaa. Binti aliyekuwa anaandikisha alisema bila kuinua macho, "Mama, nafasi haiko. Lakini tutamubana tu."

Nikamwambia asante. Nikatoka uwanjani kumsubiri direkta, mkuu wa shule, nikakaa juu ya jiwe. Mwanangu alienda kucheza na watoto asiowajua. Mimi nilibaki na neno lile, kubana. Ni neno nililolijua vizuri zamani, rafiki yangu, na kwa sababu yake ndiyo nakusimulia haya.

Kama ulisoma Goma baada ya volkano, unaijua shule ya namna yetu. Moto ulishuka mlimani ukapita katikati ya mji, ukameza nyumba, maduka na shule. Katoyi ilibaki. Basi watoto wa kartie zilizoungua wakaletwa kwetu, na shule iliyokuwa ndogo ikawa kama gunia lililoshindiliwa makala, yaani makaa. Zikaongezwa klasi za mbao, zimesimamishwa haraka juu ya mawe meusi, bila sakafu. Mbao zilipakwa mafuta machafu ya gari ili mchwa wasizile. Ukiegemea ukuta, shati lako jeupe linatoka na mstari mweusi mgongoni. Watoto wote wa shule yetu walikuwa na mstari huo. Ulikuwa unatutambulisha barabarani kuliko sare yenyewe.

Mama aliuza sambaza, wale dagaa wa ziwani, sokoni, hakuwa na muda wa mistari. Aliyefua alikuwa nyanya yangu mzaa mama, ambaye sisi tulimwita tate. Alitoka milima ya Masisi, akaolewa mjini, akafiwa mjini, lakini mikono yake ilibaki ya Masisi. Alisugua kola kwa sabuni na majivu, akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanarudi kutoka shuleni kama mafundi wa magari.

Katika klasi yetu ya mwaka wa nne, benchi la watoto wawili lilikaliwa na wanne. Wengine walikaa kwenye ubao uliowekwa juu ya mawe, na wa mwisho kabisa walisimama nyuma hadi mtu akose kuja. Hamkuweza kuandika wote kwa pamoja. Wawili wanainama kuandika, wawili wanarudi nyuma na kungoja, halafu mnabadilishana. Mwalimu wetu alilijua hilo. Alisoma kila sentensi mara mbili, mara ya kwanza kwa walioinama, mara ya pili kwa waliongoja. Mvua ikinyesha juu ya mabati, sauti yake ilizama. Basi aliweka chaki chini, akakunja mikono, na sisi tukakunja, tukasikiliza mvua wote pamoja mpaka iishe. Nafikiri nusu ya mwaka ule tuliisoma mvua.

Halafu ikaja habari ya jengo. Siku moja gari la Leta liliingia uwanjani, wakashuka wazee wenye makoti, wakapima kiwanja kwa kamba. Direkta wetu alitembea nyuma yao, mikono amefumbata mgongoni, uso umeangaza. Jioni habari ilikuwa imefika kila nyumba: Serikali inataka kupunguza msongamano mashuleni, na shule yetu imechaguliwa. Wao wataleta saruji, mabati na mafundi. Wazazi wataleta mawe na mchanga.

Papa, baba yangu, alifurahi kuliko watu wote. Alikuwa mfanyabiashara wa njia ndefu. Alipeleka chumvi na vitenge Butembo, akarudi na maharage na mafuta ya mawese, na kila safari alipita shule nzuri za mawe za wamisionari kule kwao Butembo na kutuhadithia. Aliingia katika komite ya wazazi. Tate yeye alisikiliza yote, akasema, "Leta ni ngombe wa jirani. Usihesabu maziwa yake." Lakini Jumamosi ya kwanza ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, yeye ndiye aliyetangulia uwanjani na nyundo yake, akaketi kwenye kipande cha gunia na kuanza kupasua mawe.

Mawe hayakukosa. Volkano ilitupa mawe ya kujengea miji kumi. Sisi watoto tuliyabeba kichwani juu ya ngata za majani ya ndizi, tukapanga mstari kutoka bondeni hadi kiwanjani. Jiwe la volkano ni jepesi kuliko linavyoonekana, lakini lina meno. Vidole vyetu vilikuwa vimechanika, na tulionyeshana mikwaruzo kwa majivuno. Saa sita akina mama walileta sufuria la maharage na viazi. Tulikula na vumbi lake. Sijui kama nimewahi kula chakula kitamu kama kile, au ni njaa tu, au ni kwa sababu tulikuwa wengi.

Kuta zilipanda. Mabati yakafika kweli, hata tate akakubali kwamba ng'ombe huyu amekamuliwa. Milango na madirisha yalikuwa bado, na chini palikuwa udongo, lakini mafundi walikwisha kulainisha ukuta wa mbele wa kila klasi kwa saruji na kuupaka rangi nyeusi, uwe ubao. Mwalimu alitupeleka kuona. Alipitisha kiganja juu ya ule weusi polepole kama mtu anayempapasa mnyama, akatuambia, "Hapa ndio klasi yenu. Hapa mutaandika wote saa moja." Tulicheka, maana hatukuweza kuwaza kuandika wote kwa wakati mmoja.

Vita ilianza upande wa Rutshuru kabla ya milango kufika. Mwanzoni ilikuwa habari ya redio tu. Halafu malori ya njia ile yakakoma kuja, na papa akakaa nyumbani. Hilo ndilo nililoliona mimi kama vita: papa amekaa barazani mchana, ameshika redio sikioni, hana pa kwenda. Maharage yakapotea sokoni. Makala yakapanda bei. Mama akaacha kuuza sambaza zilizokaangwa, akauza mbichi.

Kisha watu wa Kibumba, kijiji cha njia ya Rutshuru, wakashuka. Walipita barabara kuu kwa siku nyingi, magodoro kichwani, mbuzi kwenye kamba, chukudu, zile baiskeli za mbao, zimebeba wazee na sufuria. Wengi walibaki Munigi, pale juu kabla ya kuingia mjini. Wengine waliendelea kutembea, kama watu waliosahau namna ya kusimama, na baadhi yao wakafika kwetu Katoyi wakati wa mvua ya alasiri. Jengo lilikuwa na mabati na halikuwa na milango. Waliingia.

Direkta alitoka ofisini akasimama kwenye mvua akiwatazama. Walinzi walimwuliza wafanye nini. Alisema, "Mutu hawezi kulala inje na klasi iko bule." Bule, yaani tupu. Akarudi ofisini. Kesho yake kila klasi mpya ilikuwa na familia nyingi zilizotenganishwa kwa vitenge na vipande vya turubai, na ile iliyoahidiwa kuwa yetu pia.

Direkta alikubali pia watoto wao wasome. Ndivyo alivyoingia kwetu yule msichana. Mwalimu alimwongoza kwa bega, akatazama klasi nzima, akaona hakuna mahali, akamleta kwenye benchi letu. "Mubanane kidogo," alisema. Tukawa watano. Jina lake alilisema, lakini klasi nzima ilimwita Kibumba, na yeye aliitika bila kukasirika.

Siku za kwanza tulipigana kwa viwiko. Aliandika kwa mkono wa kushoto, mimi wa kulia, na tulikuwa tumekaa vibaya, mikono yetu ikigongana katikati. Kila herufi yangu ilikuwa na mkia. Siku ya tatu hivi alisimama, akaniruka miguu, akaenda kukaa upande wangu mwingine, kwenye ncha ya kushoto. Tangu hapo mikono yetu ilienda mbali mbali na mabega yetu yakabaki yameshikana. Tuligundua kwamba namna hiyo sisi wawili tunaweza kuandika kwa pamoja. Tulikuwa wa kwanza katika klasi ile kutongojana.

Alinuka moshi, na mimi nilinuka sambaza, na baada ya wiki mbili nadhani tulinuka kitu kimoja. Hakuwa msemaji. Alinieleza kidogo kidogo kwamba baba yake alibaki Kibumba kulinda shamba la viazi, kwamba viazi vilikuwa tayari kuvunwa, kwamba walikimbia na sufuria ya maharage iliyokuwa jikoni, mama yake kaibeba kichwani ikiwa bado ya moto. Aliyasema haya kama mtu anayesoma kitabu cha mwingine. Nami nilisikiliza hivyo hivyo. Watoto wa Goma tulikuwa tumezoea. Mimi mwenyewe nilizaliwa katikati ya miaka ya wakimbizi na vita, na nilidhani kila mji una watu wanaoupita na magodoro.

Baada ya masomo nilimsindikiza kwao, nikimaanisha hatua chache kuvuka uwanja, ndani ya klasi yetu ya kesho. Mama yake alikuwa mwembamba, mrefu, na sauti yake ilikuwa ya chini. Familia yao ilikuwa imepata kona ya mbele, chini ya ule ukuta mweusi. Wengine walipika ndani, hasa mvua ikinyesha, na kuta zao zilikuwa zimeanza kuingia masizi. Yeye alipika nje, chini ya mvua, na kipande cha turubai ameshikiwa na binti yake juu ya moto. Alikuwa ametundika kitenge mbele ya ubao, kutoka juu hadi chini, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuugusa. Siku moja nilimwuliza kwa nini. Alinitazama kama niliyeuliza jambo lisilo na maana.

"Hapa ndipo mutasoma," alisema. "Nitauchafua namna gani?"

Akanipa kiazi kilichochomwa kwenye majivu. Alikuwa akinipa kila mara, kimoja, ingawa nilijua kwamba vilihesabiwa. Tate alipojua, alianza kunituma kwao na bakuli ya sambaza, na baadaye alikwenda mwenyewe. Walikaa pamoja nje ya jengo, yule mama na tate, wakichambua majani ya lengalenga, wakizungumza juu ya ng'ombe. Tate alikuwa hajapata mtu wa kuzungumza naye juu ya ng'ombe kwa miaka mingi.

Miezi ikapita hivyo. Kisha gari la Leta likarudi. Wazee wenye makoti waliona turubai, masizi na kamba za nguo, wakaingia ofisini kwa direkta na kukaa humo muda mrefu. Papa alituletea habari wakati wa chakula. Jengo lazima likamilishwe na lipokelewe. Mkubwa fulani atakuja kulifungua. Milango, saruji ya chini na mabenchi viko tayari, lakini jengo lisipokuwa tupu vitapelekwa shule nyingine, kwa maana shule zinazongoja ni nyingi. Kwa wakimbizi pametayarishwa mahali Munigi, pamoja na wenzao.

"Munigi si ni karibu na vita," alisema tate.

 Papa alimega tonge la bugali, akalitazama, akalirudisha kwenye sahani.

Mkutano wa wazazi ulifanyika uwanjani Jumapili baada ya misa. Sisi watoto tulikaa juu ya mawe kandokando. Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kukuambia kwamba walikuwa watu wabaya, ingekuwa rahisi, lakini nilikuwa nawajua wote. Jirani yetu, mama aliyeuza makala, alisema kwamba watoto wake watatu wako katika shule hii na hakuna anayeweza kusoma barua, kwa sababu wanakaa nyuma wamesimama. Mwingine alisema walibeba mawe kwa kichwa. Mwingine alisema hata wakimbizi watakuwa vizuri zaidi Munigi, kule kuna maji yanayoletwa kwa gari. Mwalimu wetu aliomba neno, akasimama, halafu akasema tu kwamba ana watoto wengi mno, na akakaa. Sikujua alikuwa upande gani. Pengine hata yeye hakujua.

Direkta akauliza kama kuna mtu wa upande wa wakimbizi anayetaka kusema. Wakatazamana. Yule mama wa Kibumba ndiye aliyesimama.

"Hatukukuja kubeba masomo yenu," alisema. "Tulikuja kujificha mvua. Mukisema tuende, tutaenda. Naomba kitu kimoja. Mutuache mpaka watoto wamalize mitihani."

 Mitihani ilikuwa bado mbali, na gari la Leta halikuwa la kungoja mitihani. Direkta aliomba wanaotaka jengo liachwe tupu wanyooshe mikono. Niliona mkono wa papa ukipanda. Haukupanda haraka. Ulipanda kama mkono wa mtu anayeamkia jua, ukasimama kati ya mikono mingine, nami nikautazama kama mkono wowote. Tate alikuwa amekaa kwenye gunia lake. Aliweka mikono yake miwili chini ya mapaja na kuikalia.

Lori lilikuja asubuhi ya siku ya kazi. Tulikuwa katika dikte, yaani imla. Kutoka dirisha lisilo na kioo tuliona magodoro yakipandishwa, tukasikia mbuzi. Watoto wa wakimbizi waliitwa mmoja mmoja, klasi baada ya klasi. Mama wa rafiki yangu alifika mlangoni petu mwalimu akiwa katikati ya sentensi. Hakuita. Alisimama na mzigo kichwani, akangoja. Mwalimu alimwona, akaisoma sentensi hadi mwisho, kisha akaisoma mara ya pili, kama kawaida yake, kwa wale waliongoja. Rafiki yangu aliiandika yote. Aliweka nukta. Akafunga daftari.

Ili mtu atoke kwenye benchi letu, ilibidi wengine wasimame. Tukasimama. Akapita mbele yetu, akaniruka miguu kama siku ile aliyobadili mahali, akafika mlangoni. Mama yake alisema, "Mwalimu, asante." Mwalimu alisema, "Muende na Mungu, mama." Basi. Hakugeuka kunitazama, na mimi sikumwita. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilifikiri anakwenda Munigi, na Munigi si mbali, mtu anaweza kwenda kwa miguu.

Tukakaa. Upande wangu wa kushoto palikuwa na nafasi. Mwalimu aliendelea na sentensi iliyofuata.

Kazi ilikwenda haraka baada ya hapo. Milango ikafika, sakafu ikamwagwa, kuta zikakwanguliwa masizi. Siku ya kufungua walifunga utepe, tukaimba, tukapewa fanta na mandazi, na yule mkubwa akaingia katika klasi moja baada ya nyingine na watu wake. Kwetu alisimama muda mrefu mbele ya ubao. Katika klasi zile nyingine saruji nyeusi ilikuwa imefifia na kupasuka kwa moshi, ikabidi ipakwe upya. Wetu ulikuwa kama siku ulipolainishwa. Akasema huo ndio ufundi, akawapongeza mafundi, watu wakapiga makofi. Fundi mkuu aliinamisha kichwa. Mimi nilimtafuta tate katika umati nikamwona. Hakupiga makofi. Alikuwa anautazama ukuta.

Tukakaa watatu kwa benchi, mabenchi ya mbao nyeupe yaliyonukia utomvu. Tuliandika wote kwa wakati mmoja. Mwalimu alisoma kila sentensi mara moja tu, na masomo yakaenda mbio. Mstari mweusi ukapotea migongoni mwetu. Mwaka ule nilipata alama nzuri kuliko zote nilizowahi kupata, na papa akaninunulia viatu.

Vita ilifika Munigi kabla ya mvua kubwa kuisha. Tulisikia milio siku nzima, kama mtu anayesukuma mapipa matupu juu ya mlima. Askari walipita mjini wakikimbia, na sisi tulifunga mlango tukalala chini. Ilipotulia, tate alijifunga kitenge akapanda Munigi kwa miguu. Alirudi jioni, miguu imevimba. Kambi ilikuwa imetawanyika. Wengine walikuwa wamekimbilia mjini tena, wengine walivuka mpaka, wengine walirudi kwao. Mwanamke mmoja alimwambia kwamba mrefu yule wa Kibumba alisema anakwenda kumtafuta mume wake. Kama binti alikuwa naye, yule mwanamke hakujua. Tate aliingiza miguu katika beseni ya maji ya chumvi na hakutaka kula.

Barabara ilipofunguliwa, papa alirudi kwenye biashara yake. Kibumba iko njiani. Alinihadithia mara moja tu, akiwa anapanga mizigo, bila mimi kumwuliza. Alisema aliona shamba la viazi kandokando ya njia, limelimwa vizuri, na mwanamke mrefu ameinama humo, na mtoto pembeni yake. Alimwomba dereva asimame. Lakini walikuwa katika msururu wa malori yaliyosindikizwa na askari, na katika msururu lori halisimami. "Pengine si yeye," papa alisema. "Wanawake warefu ni wengi kule." Akakaza kamba.

Tate alikufa miaka michache baadaye. Mwalimu wetu alihama, nikasikia yuko Uganda, anafundisha watoto wa wakimbizi. Jirani wa makala aliuza nyumba yake. Klasi zile za mbao zilibomolewa zikawa kuni. Kibumba imekimbiwa tena na tena tangu wakati ule, na vita hii ya sasa imeiacha tupu. Watu wake wako katika mahema kuzunguka mji huu, na kama rafiki yangu yu hai yeye ni mama kama mimi, na huenda tumepishana sokoni bila kujuana. Singemtambua. Sura yake imenitoka. Nakumbuka bega tu.

Kabla sijaja safari hii, papa, ambaye sasa naye anaishi Butembo, alikuja kuniaga. Amezeeka, hasafiri tena. Nilimwambia nakwenda kumwandikisha mtoto Katoyi, na yeye mwenyewe akasema, kama tuliokuwa tunaendelea na mazungumzo ya jana, "Siku ile nilinyoosha mukono kwa sababu yako, mutoto wangu. Usome."

"Nilisoma, papa," nilimwambia.

Ni kweli, nilisoma. Serikali ilikuwa na haki kutaka watoto wakae vizuri, wazazi walikuwa na haki, na hata leo nikiona jengo jipya la shule nafurahi kwa watoto watakaoingia. Nimekuwa na nafasi tangu mwaka ule. Nimekuwa na benchi, baadaye kitanda changu mwenyewe, baadaye meza ya kazi na kiti chenye mikono ambapo hakuna anayenigusa kutwa nzima. Ila sijawahi tena kukaa karibu na mtu kiasi cha kujua, bila kugeuza kichwa, kwamba amefika mwisho wa sentensi.